Picha Iliyokosa Mwenyewe

Watoto walimwita Birika, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini. Ungemwona tu ungejua. Mfupi, mpana kwa chini, shingo imenyooka, na hasira zikimpanda pumzi inamtoka puani kwa sauti. Darasa zima likiisikia ile sauti linakaa sawa kabla hajatamka neno. Mwenyewe alilijua jina hilo miaka na miaka, wala hakulikataa. "Bora birika," alikuwa akimwambia mdogo wake, "kuliko hao mabakuli wanaotiwa kila kitu na kunyamaza."

Mdogo wake alikaa naye katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Alikuwa na sikio moja lisilosikia, na alijua kulielekeza kwa dada yake kila maneno yalipozidi. Asubuhi ya Jumamosi ile alikuwa ameshaligeuza kabla chai haijapoa.

"Wamezibandika kwa gundi!" Birika anasema, kikombe mkononi. "Gundi ya seremala! Picha za watoto wadogo! Unanisikia lakini?"

"Sukari iko hapo hapo mbele yako," mdogo wake akamjibu.

Birika akasukuma kikombe, akatwaa mkoba wake, akatoka bila kuaga. Hakuwa amekasirika siku hiyo tu. Kusema kweli mwanamke huyu alikuwa amekasirika tangu utotoni, na alikuwa na sababu. Alipokuwa darasa la pili alidarizi kitambaa, ndege wawili kwenye tawi, uzi mwekundu na wa kijani, kazi ya muhula mzima. Kikatundikwa shuleni wageni wakakiona, wakakisifu. Kisha hakikurudi. Akauliza mara moja, akaambiwa kimepotea. Siku moja akatumwa kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu wake, akakikuta kitambaa chake kimefunika mtungi, ndege mmoja ameungua kwa chungu cha moto. Akamimina maji, akafunika mtungi kwa kitambaa kile kile, akaenda zake. Hakusema. Lakini tangu siku hiyo alijua atakapokuwa mkubwa atakuwa mtu wa namna gani.

Akawa mwalimu wa watoto wadogo, wa kuchora na wa kushona. Wakuu wa shule walikuja wakaondoka, yeye yupo. Kila mwaka palikuwa na maonyesho ya picha za watoto, na kila mwaka mpangaji alikuwa yeye, na utaratibu wake haukubadilika. Picha zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Maonyesho yakiisha, mtoto anakuja na mtu wa kwao, anapanda kwenye kigoda, anabanua kibanio kwa mkono wake mwenyewe, anashuka na picha yake, anakwenda nayo kwao. Hakuna picha ya mtoto iliyobaki shuleni. Hakuna iliyofunika mtungi wa mtu.

Mwaka huu kaka yake mkubwa aliugua, akaenda kumuuguza. Huku nyuma mkuu wa shule akaona amepata nafasi ya kufanya mambo ya kisasa. Alikuwa na shemeji yake, fundi wa mapambo ya harusi, mtu wa maua ya plastiki na vitambaa vya kumetameta. Akamkabidhi kazi. Shemeji akaona kamba na vibanio ni ushamba. Akaleta mbao za plaiwudi, akamwaga gundi, akabandika picha zote za darasa, moja kando ya nyingine, zikasimamishwa katika ukumbi wa mji. Watu wakaja, wakatazama, waamuzi wakatoa ushindi. Kila mtu akasema mara hii zimependeza.

Hapo ndipo penye kisirani chenyewe. Mwaka uliotangulia palizuka fitina kwamba waamuzi walimpa ushindi mtoto wa mkubwa mmoja baada ya kusoma jina lake kwenye picha. Birika akaapa jambo hilo halitarudiwa. Safari hii, kabla hajaenda kwa kaka yake, akaagiza majina yote yaandikwe nyuma ya karatasi, mbele asiandike mtu hata herufi. Watoto wakatii. Na gundi, je, fundi aliipaka wapi? Huko huko nyuma. Picha za darasa zima zikawa yatima kwa siku moja.

"Tutawaita wazazi waje na watoto," mkuu wa shule alisema aliporudi Birika na kulipuka. "Kila mmoja ataonyesha yake, shemeji ataikata na ubao wake. Kuna ubaya gani? Itakuwa imara zaidi."

"Na ya mtoto atakayekosea?"

"Mwalimu, mtoto atakosea vipi picha yake?"

Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na watu wa namna hiyo ndio wanaozaa kelele nyingi kuliko wote. Hakujua kwamba siku hiyo hawatachagua watoto. Watachagua wazazi.

Basi Jumamosi hiyo ukumbi wa chakula wa shule ulijaa. Meza zimesukumwa pembeni, mbao zimeegemezwa ukutani, na katikati fundi amepanga mabenchi mawili ya kulazia ubao, msumeno mkononi, penseli sikioni. Watoto walikuwa wamepewa kazi moja darasani, kila mtu achore kwao kulivyo asubuhi. Kwa hiyo ilikuwa nyumba juu ya nyumba, jua juu ya jua, mama juu ya mama na sufuria yake.

"Hiyo yetu," mama mmoja akanyoosha kidole kwenye nyumba yenye maua na jua linalocheka.

"Mama, yangu ile," mwanawe akasema, akionyesha pembeni, palipokuwa na kitu ambacho hakikujulikana kama ni paka au kabati.

"Ile? Ile umeichora wewe? Nyamaza. Yetu hii."

Birika akafika hapo kama aliyetupwa. "Mama, mtoto amesema yake ni ile."

"Mwalimu naye! Mtoto anajua nini?"

"Anajua alichochora. Wewe ulikuwepo?"

Yule mama akaondoka na paka wake wa kabati, amenuna. Lakini huku Birika anamshughulikia huyu, kule baba mwingine ameshachukua picha ya jirani kwa sababu ina rangi nyingi, na mtoto wake anaifuata nyuma akiitazama kama anayepelekwa kwa watu asiowajua. Birika akamkimbilia, akamrudisha. Akigeuka, fundi ameshapitisha msumeno mahali pasipo pake.

"Umemkata babu wa watu miguu!"

"Mwalimu, babu mwenyewe amekaa," fundi akasema, anapuliza vumbi la mbao. "Miguu ya nini?"

Watu wakacheka. Pumzi ikaanza kumtoka Birika puani, na watoto waliokuwa karibu wakasogea nyuma wenyewe.

"Mwalimu, tusipandishe hasira," mkuu wa shule akamnong'oneza. "Leo siku ya furaha."

"Ya nani?"

Mkuu wa shule akaenda kusalimiana na watu mlangoni.

Katikati ya ubao mkubwa kuliko yote palikuwa na picha iliyoshinda, utepe mwekundu kwenye kona yake. Mji mzima ulikuwa ukiijua. Mwanamume amejibwaga kwenye kiti, kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia mpaka sakafuni. Viatu vyake vikubwa mno, vya kufunga kwa kamba, vina madoa meupe meupe. Chini, miguuni pake, mtoto mdogo ameinama, unaona mgongo tu na nywele zilizofungwa mafungu mawili. Dirishani mwanga wa njano. Waamuzi walisema picha ile ina uhai, na likakatwa neno kwamba ndiyo itakayochapwa kwenye jalada la madaftari ya mwaka unaofuata, na chini yake jina la mtoto aliyeichora. Madaftari yatakayoshikwa na watoto wa kila shule pale! Mpiga chapa alikuwa anasubiri jina tu.

Lakini watu wa mji hawakuona uhai. Waliona mlevi. Toka siku ya kwanza walikusanyika mbele yake wakicheka mpaka machozi. Wakampa na jina, Bwana Karamu.

"Haya, picha ya ushindi!" mkuu wa shule akapiga makofi. "Mwenyewe nani? Aje mbele."

Watu wakageuka huku na huku, wakitafuta atakayetoka.

"Mwenyewe jamani, asione haya!"

Akaitika mwanamke mmoja kutoka nyuma, mwenye duka la kusuka nywele, Mama Saluni wanavyomwita. Huyu hakuwa mtu mbaya kwa roho, ila ulimi wake ulikuwa haujawahi kupumzika. "Mtoto wa Bwana Karamu ajitokeze amchukue baba yake!" akasema. "Asije akatuamkia hapa akaagiza nyingine!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata fundi alishusha msumeno acheke vizuri.

Birika hakucheka, wala hakumtazama Mama Saluni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la pembeni, aliposimama msichana mdogo wa darasa lake, mkono umeshikwa na shangazi yake. Birika alikuwa akimwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa jinsi asivyotulia, huku anaokota, huku anapanga, yote bila sauti. Na Birika alijua. Alikuwepo siku ile Sisimizi alipomwendea mezani akasema, "Mwalimu, naomba chaki." Akamuuliza, ya nini, wenzio wanatumia rangi. Akasema, "Ya viatu."

Alimjua na baba. Nani asiyemjua? Mke wake alipofariki, yule mwanamume alikunywa mpaka watu wakachoka kumhurumia. Alitembea akishika kuta. Kazi ikamtoka, marafiki wakamtoka. Kisha akaacha, mwenyewe, bila kumtangazia mtu, akapata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Usiku kucha yuko mbele ya tanuri. Asubuhi anarudi mtaani wakati wenzake wanatoka, na wale wenzake, hata baada ya muda wote huo, bado walikuwa wakimsalimia kwa pua kwanza, mkono baadaye.

Birika akavuka ukumbi. "Sisimizi mwanangu, yako ipi?"

Mtoto akainamisha kichwa. Shangazi akawahi. "Yetu ile pale, Mwalimu, ya ndoo na ufagio."

"Hiyo yangu, shangazi!" mvulana mmoja akaruka. "Hiyo ndoo yetu! Ona, ina tundu!"

"Basi, nimekosea." Shangazi akajipangusa uso. "Hatuna. Siku hiyo hakuchora. Alikuwa na homa."

"Alichora."

"Mwalimu, hakuchora."

Wakatazamana. Shangazi akasogea, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Nakuomba, Mwalimu. Nilikwenda kule ukumbini. Nimesimama nyuma ya watu nimesikia kila kitu. Mtoto amemvua nguo baba yake mbele za watu. Na kaka amesema atapita hapa akitoka kazini, amemwahidi mwanawe. Nataka awe hajafika sisi tumeondoka. Wewe hujui kazi niliyofanya mpaka watu wakaacha kumchungulia."

Birika alikuja pale na maneno mengi. Angeweza kumkasirikia nani? Shangazi alikuwa anamkinga kaka yake kwa kitu pekee alichokuwa nacho, uongo mdogo. Akainama akawa sawa na mtoto.

"Ni yako, Sisimizi?"

"Si yangu, Mwalimu."

Alisema kwa sauti ndogo lakini alisema. Mtoto huyu hakuwahi kumdanganya hata siku alipovunja wembe wa kuchongea penseli. Birika akasimama, magoti yakalia. Sasa hasira ilikuwa imejaa na haina pa kutokea. Akisema kweli mbele za watu, atamfanya mtoto mwongo na baba mlevi kwa pigo moja. Akinyamaza, ataona tena kazi ya mtoto ikienda kwa mtu asiyehusika, naye amesimama hapo hapo anamimina maji.

"Kama haina mwenyewe," mkuu wa shule akasema, amefurahi kupata njia, "tutachukua iliyofuata. Ile ya duka la nywele yenye kioo."

"Mwanangu huyo!" Mama Saluni akapiga makofi, akamsukuma mwanawe mbele. "Simama vizuri, utakuwa kwenye madaftari wewe!"

"Na ubao huu, shemeji?" fundi akauliza, ameshaulaza kwenye mabenchi. "Wenzake wote wa ubao huu wameshakatwa, kimebaki kipande cha huyu mlevi tu. Mimi nina banda la kuku halina mlango."

"Chukua."

Neno hilo halijafika chini, Birika alikuwa ameshapanda. Mwanamke mzima, miaka yake yote na uzito wake wote, aliweka mguu kwenye benchi, akajiinua, akaketi juu ya ubao, kando ya picha, akaweka mkoba wake mapajani kama aliyeingia kwenye gari na kulipa nauli.

"Kata," akamwambia fundi. "Anza na mimi."

"Mwalimu, shuka bwana, utaanguka."

"Nimekwambia kata. Kuku wako wamekosa mlango, wewe umekosa akili, leo utapata vyote viwili. Kata!"

"Mwalimu, tafadhali," mkuu wa shule akaja mbio. "Wazazi wanatazama."

"Watazame! Si ndiyo kazi yao? Wametazama kule mjini, wametazama na hapa. Mlevi, mlevi, mlevi! Nani amemwona na chupa? Haya njooni, nionyesheni chupa iko wapi. Mtoto amechora kiti, amechora dirisha, amechora mpaka tundu la kamba ya kiatu. Chupa ingekuwepo angeiacha?"

"Chupa imebaki baa, Mwalimu!" Mama Saluni akasema.

Lo! Ukumbi ulicheka vibaya sana. Walicheka wakashikana mabega. Birika pale juu akaukumbatia mkoba wake. Alikuwa amesema neno la haki kwa watu, na watu wamelifanya mzaha, na sasa hata akinyanyua mdomo watacheka tena. Akaona Sisimizi amejificha nyuma ya nguo ya shangazi yake. Akaona shangazi anamvuta waondoke. Hawakuwahi.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mrefu, amekonda, macho mekundu kwa kukesha. "Samahani nimechelewa," akasema kwa wote na si kwa mtu yeyote. "Mikate ya mwisho ilikawia tanurini."

Waliokuwa karibu naye wakampisha. Wa mbali bado walikuwa wanamalizia kicheko chao. Akapita katikati yao, na kila alipokanyaga pakabaki alama nyeupe sakafuni, juu ya vumbi la mbao.

"Ya kwetu ipi?" akamuuliza dada yake.

"Hakuna, kaka. Twende, umechoka."

"Hakuna vipi? Mtoto wiki nzima ananiambia atanionyesha." Akageuka, akamwona Birika juu ya ubao. "Mwalimu, shikamoo. Mbona umekaa huko?"

"Marahaba. Nimekaa kwa sababu kuna watu na misumeno." Birika akatazama upande wa Sisimizi. Mtoto alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Na ule ulikuwa uamuzi wa Birika peke yake, hakuna wa kumsaidia kuubeba. Akasogea kando. "Njoo utazame mwenyewe."

Mwoka mikate akasogea. Akaweka mikono yake nyuma, kama watu wanavyofanya wakiogopa kuchafua kitu, akainama. Akatazama. Mtu mmoja akakohoa kicheko, akakimeza. Kisha mmoja akatazama viatu vya kwenye picha, akatazama viatu vilivyosimama sakafuni, akamgusa mwenzake. Mwenzake akamgusa mwingine. Ukumbi ukanyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma, na wa mwisho kunyamaza alikuwa Mama Saluni, mkono umeganda mdomoni.

"Huyu mimi," mwoka mikate akasema.

Akazidi kuinama.

"Na huyu?" Akaonyesha kile kimgongo kilichoinama. Kidole hakikuigusa karatasi. "Mimi kila nikiamka nakuta viatu vipo mlangoni vimepangwa. Soksi zimekunjwa zimetiwa ndani. Nikajua navivua mwenyewe kwa mazoea. Tena nikawa najisifu moyoni, mwanamume huyu amechoka hivi lakini soksi anakunja." Akageuka. "Ni wewe?"

Sisimizi akaitikia kwa kichwa.

"Kila siku?"

"Siku za shule tu," mtoto akasema. "Jumapili unavua mwenyewe, unavitupa."

Baba yake akafunika macho kwa mkono wake wenye unga, na alipouondoa uso ulikuwa umepakwa wote, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Birika hakumpa mtu nafasi ya kupumua. Akauliza kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka uani:

"Sisimizi! Hii picha ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Sema wasikie."

"Yangu!"

"Kaka," shangazi akaanza, machozi yanamtoka, "mimi nilisema hakuchora kwa sababu watu wanasema..."

"Wanasema nini?" Mwoka mikate akawageukia. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Si museme? Nimesikia kelele toka barabarani, nikafikiri kuna harusi. Sasa mbona kimya? Nililewa, ndiyo. Kuna wengine humu mlinibeba mkanifikisha nyumbani, nawashukuru mpaka leo. Kuna wengine mlinipita nimelala, nawajua pia. Lakini huyo hapo pichani amechoka. Amechoka kwa mikate mliyokula asubuhi hii kabla ya kuja kumcheka."

Akamaliza. Akampa Birika mkono kumshusha, na Birika akashuka akishikilia mkoba wake, pumzi bado inamtoka puani.

"Kata hapa," akamwambia fundi. "Kwa mbali. Ukigusa hata uzi wa hiyo kamba ya kiatu, kuku wako watalala nje mwaka huu na ujao."

Fundi akakata jasho linamdondoka, akapima mara mbili kila alipopitisha msumeno. Kipande kikatoka kizito, kikubwa, na baba na mwana wakakishika huku na huku kama watu wanaohamisha meza. Shangazi akawafungulia mlango. Mkuu wa shule akawa anamfuata mtoto na karatasi, anauliza jina liandikweje, herufi kwa herufi, na Sisimizi akamtajia bila kuachia upande wake wa ubao.

Mama Saluni akamsogelea Birika. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mwalimu, mimi nilikuwa natania tu. Unanijua."

"Nakujua. Mwenye kutaniwa yule anatoka. Mkimbilie."

Mama Saluni akatazama mlango. Akatazama watu wanavyomtazama. "Nitamwona Jumatatu," akasema.

"Jumatatu!" Birika akamwacha hapo hapo, hakumwongezea hata neno, na hiyo kwa waliomjua ilikuwa kali kuliko matusi.

Mkuu wa shule alirudi anatabasamu, anajipepea na karatasi yake. "Mwalimu, naona mambo yameisha vizuri."

"Yameisha?" Birika akamzungusha kwa bega akamwonyesha ukuta. Mbao zilikuwa bado zimeegemea, picha zimejaa, na watoto wengine wamesimama muda wote ule wanasubiri, wamechoka hata kushika mikono ya wazazi wao. "Mtoto alikuwa tayari kuikana kazi yake mbele yangu, mimi niliyemfundisha kushika kalamu. Kwa ajili ya ulimi wa watu wazima. Na wewe ulishatoa picha yake kwa kuku. Shika ubao huu."

"Mimi?"

"Kuna mkuu mwingine wa shule hapa? Shika upande huo, ukae imara, msumeno wa shemeji yako usitikisike."

Mkuu wa shule akavua koti. Akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, suruali yake nzuri na yote, akashika.

Birika akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. "Wazazi nyuma. Nyuma kabisa, mpaka ukutani. Watoto mbele. Mtoto ataangalia mwenyewe, ataonyesha mwenyewe, na atakachoonyesha ndicho atakachokwenda nacho, kiwe paka, kiwe kabati. Mzazi atakayefungua mdomo kabla ya mwanawe, ataondoka na ubao mtupu. Haya. Wewe mwenye ndoo yenye tundu, njoo."